Mikono Sita, kwa Mkono wa Nani?

Mwanangu Raya,

Shikamoo yako niliipokea asubuhi na marahaba nshakupa, kwa hiyo karatasi hii haina haja ya kuzunguka na salamu. Nakuandikia alasiri, nimekaa barazani kwetu hapa Mpendae, na wewe uko ndani na mama'ko mnafunga masanduku. Jioni watakuja shangazi zako na majirani kukuaga, na mie mbele ya watu najijua. Nitatoa kisa, watu watacheka, wataomba kingine, na lile nililotaka kukwambia litapita. Kesho una boti. Nimeona niliandike, kwa sababu karatasi haicheki wala haiombi kingine.

Mambo ya sweta, pasipoti na achari ya ndimu mama'ko ameshakwambia mara saba, na ya nane anakwambia sasa hivi, namsikia. Mie nna jambo moja tu. Ni lile uliloniuliza Jumatatu.

Ulinijia na daftari la marehemu baba'ko, Khalfan, mdogo wangu, ukanifunulia ukurasa. Ukaniuliza, "Ami, mbona boriti za chumba kimoja zina namba mbili? Juu mia tatu na sita, chini mia mbili themanini na tano?" Nami nikakujibu papo hapo kwamba hiyo ya chini ni ya nyumba nyingine ya Shangani, na nikakuongezea kisa cha nyumba hiyo, na jini wake, na jinsi nilivyomtoa kwa harufu ya chokaa mbichi. Ukasema, "Sawa, Ami," ukarudi kukunja nguo.

Nyumba hiyo ya Shangani haipo. Namba zote mbili ni za nyumba ya Kiponda, ile ambayo sakafu yake ilianguka na baba'ko juu yake, ikamvunja nyonga. Mji mzima unasema sakafu ilianguka kwa kipimo cha daftari la Khalfan. Kipimo cha Khalfan kilikuwa sawa. Kosa lilikuwa langu, nikalificha, halafu nikamtupia yeye.

Ningeweza kunyamaza miaka mingine ishirini, nna kifua hicho. Lakini mwalimu wako alipokuja kukupongeza, nilikusikia ukimwambia hivi, na sinia la chai mkononi: "Baba yangu alikosea hesabu, nusura auwe watu. Ndiyo maana nataka kusomea namna ya kuhakikisha hesabu." Ulisema bila ya haya, kama mtu anayelipa kwa niaba ya mzee wake. Nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni. Nikaomba sukari.

Sasa, unanijua mie ni nani. Mji Mkongwe hakuna mtaa ambao ukuta wake haukupita mkononi mwangu. Nilipokuwa kijana niliunyoosha ukuta wa Mkunazini uliokuwa umelala kama mtu mwenye usingizi, kwa kuusukuma kwa bega hili, kidogo kidogo, kila siku baada ya sala ya alfajiri, miezi mitatu. Haya, hilo la bega nimeongeza. Lakini ukuta ulinyooka, nenda kauangalie. Skuli niliacha darasa la tano, na tangu siku hiyo sikuhitaji futi wala kalamu. Jicho langu likisema ukuta umepinda, ukuta ulikuwa ukiona haya wenyewe.

Kwa hiyo uliponieleza unachokwenda kusomea, mwanzo nilikucheka. Unakumbuka, tulikuwa uani tunakunywa chai ya tangawizi.

"Kuna watu, Ami, kazi yao ni kuthibitisha kwamba programu ya kompyuta haitakosea, kabla haijatiwa kwenye mashine ya hospitali."

"Si waijaribu tu?"

"Kujaribu hakutoshi. Utajaribu mara elfu, ya elfu na moja ikuangushe. Wao wanaandika kila hatua kwa alama zenye maana moja tu, halafu mtu yeyote anaweza kuzifuata moja moja mpaka mwisho."

"Mtu yeyote? Hata asiyekupenda?"

"Hasa asiyenipenda."

"Kwa hiyo mwanangu unavuka bahari kwenda kusomea kutoamini watu."

Ukacheka, ukasema, "Naam, Ami. Lakini kwa adabu."

Neno lile liliniingia. Nikakuuliza na hao wengine, wa elimu nyingine, nao wanafanya hivyo? Ukaniambia kila elimu ina urasmi wake. Wanasheria wana fomu zao na mashahidi wao. Wa historia wanauliza barua hii kaiandika nani, kaipokea nani, na imelala wapi miaka yote. Wa dawa wanagawa wagonjwa makundi mawili, na daktari mwenyewe hajui nani kapewa dawa ya kweli na nani kapewa unga mtupu. Hilo la daktari sikulala nalo vizuri. Mtu na elimu yake yote anajifunga kitambaa machoni mwenyewe, kwa sababu anajua kwamba akijiachia ataona anachotaka kuona. Hata washairi, ulisema, wanahesabu mizani na vina, ingawa mizani ikitimia haina maana shairi ni zuri. Nikakwambia mie namjua mmoja wa Malindi, mashairi yake yametimia kila kitu, na watu wakimwona wanabadilisha njia.

Nikakumbuka na chuoni kwetu, tulikosomea Kurani. Maalim wetu, ukimsomea sura kwa sauti ya kuwatoa watu machozi, hakuwa akisifu. Alikuwa akiuliza, "Nani kakusikiliza kabla yangu?" Na huyo aliyekusikiliza, yeye kasikilizwa na nani? Mie nilikuwa na sauti, wallahi, ndege walikuwa wakitua. Lakini sikuwa na jibu la swali lile, maana nilijifunza kwa kusikia dirishani. Akanirudisha mwanzo kabisa, na watoto wadogo. Nilimwona mtu mgumu asiyejua kipaji. Leo naona alikuwa ananikinga na mie mwenyewe.

Sikuwa mtu wa kupenda urasmi, Raya. Hata posa yangu ya kwanza, kabla sijamuoa Bi Time, niliipeleka mwenyewe. Sikutuma wazee, sikutuma mshenga. Niligonga mlango, nikaingia, nikaanza kujisifu. Baba wa msichana alinisikiliza mpaka kahawa ikapoa, halafu akaniambia, "Kijana, ungemtuma mtu ningemjibu. Wewe nikujibu vipi?" Nilitoka pale nimevimba. Miaka imepita ndiyo nimeelewa. Alikuwa hawezi kunikatalia usoni, na hakutaka kunikubalia. Mshenga yupo ili neno "hapana" lipate pa kupita bila ya kumvunja mtu. Wengi wanadhani urasmi ni ubaridi. Mie naona ni njia mnayoitengeneza mapema, wakati hamjagombana, ili siku neno gumu likija lipate pa kutembea.

Usidhani lakini kwamba nimeuza mikono yangu nikanunua karatasi. Umewahi kunisikia kuhusu yule mtaalamu aliyekuja kutufundisha kupiga lipu kuta za zamani. Alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa: chokaa kiasi hiki, mchanga kiasi hiki. Tukafuata mpaka nukta ya mwisho. Baada ya miezi minne lipu ikavimba ikaanza kudondoka vipande vikubwa kama mikate ya ajemi. Siku zote nilikisimulia kisa hiki kuonyesha kwamba karatasi ni upuuzi. Nilipokisimulia kwako, wewe hukucheka. Uliuliza, "Chokaa yake ilikuwa imelala muda gani shimoni?"

Nikakwambia haikulala kabisa. Ilizimwa kwa maji jana, ikapakwa leo. Sisi tunailaza miezi, kila mtu anajua.

"Iliandikwa kwenye karatasi?"

"Haikuandikwa. Nani ataandika kitu kila mtu anakijua?"

"Basi karatasi haikusema uongo, Ami. Kuna kitu kilibaki nje yake."

Nilikunyamazia siku ile, na wewe ukadhani nimechukia. Sikuchukia. Nilikuwa nimeona sakafu ya Kiponda.

Nyumba ile ilikuwa ya warithi wengi, ghorofa moja, na boriti za chumba cha juu zilikuwa zimeoza vichwa. Kazi nilipewa mie, nikamchukua Khalfan. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka mitano, kasoma mpaka kidato cha nne, mtu wa kalamu sikioni. Alipima chumba kwa futi ya chuma, ukuta hadi ukuta. Akapima na yale matundu ya ukutani ambamo vichwa vya boriti hukaa, shibiri moja kila upande. Akajumlisha, akaandika mia tatu na sita, akachana kipande cha karatasi. "Kaka, mpe Makame hii."

Makame alikuwa mkata boriti wa Malindi, karibu na bandari. Mtu mfupi, na nguvu za watu wawili. Nikafika pale nikakuta mafundi watatu wamekaa juu ya magogo. Nilipotia mkono mfukoni kutoa karatasi, mmoja akasema, "Nassor siku hizi anatumwa na barua."

Ni hilo tu. Hakusema kingine. Nikautoa mkono mtupu, nikasema, "Barua ya nini, yakhe? Makame, mikono sita kila mmoja. Kata."

Unajua mkono wa kupimia ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Wangu ni sentimita hamsini na moja. Khalfan mwenyewe aliwahi kuupima kwa mzaha. Mara sita ni mia tatu na sita kamili. Angalia hapo, mwanangu, hata unywele sikukosea. Nililoacha kulisema ni mkono wa nani. Kwangu mie mkono ulikuwa mmoja tu duniani. Makame akakata kwa wake, na alikuwa na haki yote. Mkono wake ulikuwa pungufu ya wangu kwa vidole viwili. Vidole viwili mara sita ni vidole kumi na viwili, na vidole kumi na viwili ni shibiri nzima.

Boriti zilifika Kiponda siku ambayo Khalfan alikuwa Makunduchi, kwenye msiba wa ndugu wa mama'ko. Niliinua ya kwanza, nikaiweka, nikaona. Badala ya kuingia ukutani shibiri kila upande, iliingia nusu. Fundi wa wiki mbili angejua haifai. Dawa yake ilikuwa kurudi Malindi, kwa watu wale wale, kusema nimekosea, nikatiwe nyingine. Kicheko cha siku moja. Nilikipima kicheko kile nikakiona kirefu kuliko boriti.

Nikaziweka hivyo hivyo. Na ndani ya kila tundu, nyuma ya kichwa cha boriti palipobaki wazi, nikashindilia vipande vya mawe na chokaa, nikasawazisha kwa vidole, nikapaka juu. Ukitazama kwa chini, unaona kichwa cha boriti kimezama ukutani vizuri. Sijisifu, lakini hakuna fundi wa mji huu angeweza kuficha vile. Ubaya wangu wote nimeufanya kwa ufundi.

Khalfan akarudi. Akasimama mlangoni, daftari mkononi.

"Kaka, ulizipima zilipofika?"

"Nilizipima."

"Mia tatu na sita?"

"Khalfan, mie ni kaka yako au mwanafunzi wako?"

Akainamisha macho. Akaandika, nilimwona akiandika, "Zimepimwa na Kaka." Tukapanga mawe juu, tukamwaga zege la chokaa, tukalitwanga siku tatu.

Masika yalipoingia paa likavuja, sakafu ikanywa maji ikawa nzito. Khalfan akapanda kuangalia panapovuja. Hakukuwa na mtu mwingine, hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Mie nilikuwa nje nasikia. Haikulia sana. Ilikuwa kama mtu katua mzigo.

Yeye akiwa hospitali, watu wakaniuliza kwenye baraza ya kahawa, imekuwaje? Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikasimulia. Nikawaambia mkono wangu ulisema mikono sita na shibiri, daftari la mdogo wangu likasema sita, nikaheshimu kisomo. Kilikuwa kisa kizuri. Kilikuwa na kisomo, na mkono wa asili, na mtu mnyenyekevu ndani yake ambaye ni mie. Watu walikipenda, wakakibeba, na kesho yake nikakikuta Darajani kimenitangulia.

Baba'ko alipoanza kutembea kwa fimbo alikwenda Kiponda peke yake. Boriti zilikuwa zimerundikwa uani mwa nyumba. Nilifika akiwa anatoka, futi mkononi. "Nimekuja kuangalia tu, Kaka," alisema. Akanitazama kidogo, akasema, "Twende zetu, jua kali." Hiyo ndiyo siku aliyoandika namba ya chini. Hakuandika jina, hakuandika lawama, hakupiga hata mstari. Aliweka namba mbili, moja juu ya nyingine, akafunga daftari.

Nimeufikiria ukurasa huo wiki nzima. Mie ni mkubwa wake. Alilelewa kwamba mkubwa hajibiwi, na mie nililijua hilo nikalitumia. Duniani kote mahali pekee ambapo Khalfan aliweza kunijibu ni kwenye karatasi yenye mistari. Huko unakokwenda, ulivyonieleza, msichana wa Mpendae anaweza kumwambia profesa mwenye mvi, "Mstari wa nne hautokani na wa tatu," na si utovu wa adabu, kwa sababu mstari ni mstari, si mtu. Ningekuwa na njia kama hiyo baina yangu na mdogo wangu, angesema, "Kaka, tuweke futi," na mie ningeweka, na sote tungekula chakula cha mchana kwa amani. Ukifika huko watakufundisha faida nyingi za urasmi. Hii sijui kama ipo vitabuni: kwamba unampa mdogo ruhusa ya kumwambia mkubwa kweli bila ya kumvunjia heshima.

Aliacha ujenzi. Akawa karani wa ghala bandarini, akipita na fimbo yake mbele ya baraza asubuhi na jioni, mpaka maradhi yalipomchukua wewe ukiwa na miaka kumi. Yaliyobaki unayajua, nilikulea, na sikukulea vibaya.

Baada ya swali lako la Jumatatu nikaona nianze palipoharibika. Jumatano alasiri nikaenda barazani Kiponda. Alikuwepo Mzee Haji, yule mshoni, na wenzake wawili. Nikakaa, nikawaambia kama nilivyokwambia wewe hapa, bila ya kuongeza kitu.

Mzee Haji akanywa kahawa yake yote, akasema, "Hiki kizuri. Lakini kile cha ukuta wa Mkunazini kinakishinda."

"Mzee Haji, hiki si kisa. Nasema kweli."

"Na kile ulisema kweli."

Mwengine akauliza, "Safari hii jini yuko wapi? Ndiye Makame?"

Wakacheka. Nikaapa, wakacheka zaidi, maana nilikuwa nimeshaapa kwa bega, na kwa jini, na kwa ndege waliotua. Nikainuka. Njiani kurudi ndipo nilipoelewa unachokwenda kusomea, Raya, mie wa darasa la tano. Kweli niliyokuwa nayo ilikuwa haina pa kusimama ila juu yangu, na mie si ukuta. Nilihitaji kuisema kwa namna isiyojali msemaji ni nani. Hata akiwa Nassor.

Nyumba ile haikujengwa tena. Warithi wakagombana, ikabaki gofu lenye mlinzi, Mzee Pandu. Matundu yako pale pale ukutani. Nikakuomba uupige picha ule ukurasa unitumie kwenye simu, na wewe ukatuma bila ya kuniuliza, na hilo lilinichoma zaidi. Jana asubuhi nikachukua ngazi, patasi na futi mpya, nikawapitia Mzee Haji na wenzake. Walikuja kwa ajili ya kucheka.

Nikawaambia, "Mie sishiki kitu. Shikeni nyinyi, nisije nikawachezea."

Wakapima ukuta hadi ukuta: mia mbili sitini na nne. Mzee Haji akaandika kwenye ganda la boksi la kahawa. Wakapima tundu, ikatoka kumi na nusu. "Tundu fupi," akasema. Nikamwambia mwenzake apige patasi. Alipiga mara tatu, lile jiwe langu likatoka na chokaa yake, na kwenye chokaa alama za vidole, nne, zimepangana. Hakuna aliyeniambia niweke mkono wangu juu yake. Niliuweka. Wakapima tena: ishirini na moja. Ukuta wa pili vile vile. Mzee Haji akajumlisha kimya kimya, akavaa miwani, akaomba simu yangu, akaitazama picha ya daftari la Khalfan. Mia tatu na sita.

Akakaa kwenye kizingiti. Akasema, "Tulikuwa tukimwita Injinia. Kila akipita. Injinia wa Daftari." Halafu akasema, "Na alikuwa akiitika, naam."

Akanigeukia. "Na wewe, Nassor, ulikuwa umekaa wapi?"

"Pale pale ulipokaa wewe, Mzee Haji. Nakunywa kahawa."

Akanirudishia simu yangu, akaondoka. Leo adhuhuri nimesikia kwa watu kwamba msikitini kawasimamisha watu mlangoni akawaeleza, na ganda la boksi mkononi. Kwa hiyo hilo la mji limeshaanza kwenda bila ya mie, na litakwenda vizuri zaidi bila ya mie.

Mama'ko nimemwambia jana. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Hakushtuka, na mie sikuthubutu kumuuliza kwa nini. Alisema tu, "Mwambie Raya kabla hajaondoka. Na usimpambie."

Nimejitahidi nisikupambie. La Mkunazini lilinitoka, nisamehe hilo peke yake.

Kama utanikubali nikuachie neno, ni hili. Huko watu watakuletea kazi iliyoandikwa vizuri, kila hatua mahali pake, na wewe utaipita hatua kwa hatua na kuona haina kosa. Ukimaliza, waulize wameacha nini kuandika kwa kuwa kila mtu anakijua. Chokaa iliyolala. Mkono wa nani. Utawakuta wamenyamaza, kama nilivyonyamaza mie uani siku ile. Na usiwadharau wenye mikono, wale wasioweza kueleza wanachokijua. Wengi wanajua kweli. Kaa nao, waulize taratibu, uwaandikie. Baba'ko alitaka kunifanyia hivyo maisha yake yote, na mie nilimwona ananikosoa.

Radhi sikuombi kwenye barua. Nitakuomba kwa mdomo, ukishajua kwa hakika unachonisamehe, au unachokataa kunisamehe. Na kwa hakika hujui bado. Umesoma tu maneno ya Ami yako, na maneno ya Ami yako unayajua thamani yake.

Kwa hiyo kesho ukitoka hapa saa moja, nafasi ipo, boti yako ni saa tatu na nusu na Kiponda iko njiani. Nenda na mama'ko. Mzee Pandu atakufungulia, ana ngazi na patasi. Matundu jana waliyafungua yote isipokuwa mawili, moja kila ukuta, pembe ya upande wa kibla. Hayo niliwaomba wayaache, na jiwe langu limo ndani kama nilivyolishindilia. Fungua mwenyewe. Pima mwenyewe, ujumlishe, utazame daftari la baba'ko. Mie nitatangulia Malindi na masanduku yako, nitakaa nayo pale getini. Nikiwepo mle ndani nitasema, na nikianza kusema utanitazama mie, uache kuutazama ukuta.

Ami yako,
Nassor